AM na FM: Lipi Linatokana na Modulesheni, Lipi Linatokana na Mkanda

Mtu yeyote aliyewahi kuzungusha kitufe cha kutafutia stesheni anaijua tofauti kati ya AM na FM kwa masikio yake. Upande wa FM sauti ni safi na muziki una besi, lakini ukisafiri kwa basi saa moja au mbili stesheni inaanza kukatika na hatimaye inamezwa na nyingine. Upande wa AM sauti ni nyembamba, radi ikipiga hata mbali spika inakwaruza, ila usiku unaweza kumpata mtangazaji aliyeko nchi nyingine kabisa. Kutokana na uzoefu huo wengi tumejijengea kanuni fupi kwamba AM huenda mbali lakini ni chafu, na FM ni safi lakini huishia karibu. Kanuni hiyo inaeleza vizuri kinachosikika, ila inakosea kuhusu sababu zake, kwa kuwa inachanganya mambo mawili ambayo wahandisi wa redio huyatenganisha: namna sauti inavyopandishwa juu ya wimbi, na mahali wimbi hilo lilipo katika mpangilio wa masafa, yaani mkanda wake. AM na FM ni majina ya jambo la kwanza tu, na sehemu kubwa ya sifa tunazozipa zinatokana na la pili.

Sauti ya binadamu au ya gitaa ni mtikisiko wa hewa unaotokea kati ya mara 20 na mara 20,000 hivi kwa sekunde. Kipaza sauti hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme, lakini umeme wa masafa ya chini kiasi hicho haurushwi hewani kwa urahisi, kwa sababu antena ifaayo inapaswa kuwa na urefu unaokaribia walau robo ya urefu wa wimbi lenyewe. Wimbi linalotikisika mara 1,000 kwa sekunde lina urefu wa kilomita 300, na robo yake ni kilomita 75, urefu ambao hakuna mnara unaoweza kuufikia. Ndiyo maana mtambo wa kurushia matangazo hutengeneza kwanza wimbi la masafa ya juu lisilo na habari yoyote ndani yake, ambalo kazi yake ni kusafiri. Hilo ndilo wimbi bebaji. Kisha sauti hupandishwa juu yake kwa kubadilisha mojawapo ya sifa zake, na kitendo hicho ndicho kinachoitwa modulesheni. Wimbi lina kimo, yaani ukubwa wa mtikisiko wake, na lina masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hezi. Ukibadilisha kimo umefanya modulesheni ya kimo, ambayo ni AM. Ukibadilisha masafa umefanya modulesheni ya masafa, ambayo ni FM.

Tuchukue mfano wa mluzi mmoja wa hezi 440. Stesheni ya AM iliyo kwenye kilohezi 999 ina wimbi bebaji linalotikisika mara 999,000 kwa sekunde. Mluzi ukiingia kwenye kipaza sauti, idadi hiyo haibadiliki. Kinachobadilika ni kimo cha wimbi, ambacho hupanda na kushuka mara 440 kila sekunde, na mluzi ukiwa na sauti kubwa zaidi kimo hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa zaidi. Stesheni ya FM iliyo kwenye megahezi 100, yaani mitikisiko milioni 100 kwa sekunde, hufanya kinyume chake: kimo cha wimbi hakiguswi kabisa, ila masafa yake husogea juu na chini ya megahezi 100, huku na huko, mara 440 kila sekunde. Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama, kwa sababu neno masafa linatokea mara mbili kwa maana zinazokaribiana. Wembamba au uzito wa sauti huamua wimbi lisogee mara ngapi kwa sekunde. Ukubwa wa sauti huamua lisogee umbali gani kutoka mahali pake. Katika utangazaji wa kawaida wa FM, sauti kubwa kabisa inayoruhusiwa hulisogeza wimbi kilohezi 75 juu na kilohezi 75 chini, kwa hiyo stesheni yetu ya megahezi 100 inacheza kati ya 99.925 na 100.075. Mnong'ono unaweza kulisogeza kilohezi chache tu.

Hesabu inayofuata ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine. Wimbi linapopandishiwa sauti haliendelei kuwa mstari mmoja kwenye ukanda wa masafa, bali hutanuka na kuchukua nafasi. Kwa AM utanukaji ni mdogo na unatabirika: ule mluzi wa hezi 440 huzaa mawimbi mawili madogo ya pembeni, moja kwenye kilohezi 998.56 na jingine kwenye 999.44, na bebaji hubaki katikati bila kubadilika. Stesheni inayotangaza sauti zisizozidi kilohezi 4.5 huhitaji basi kilohezi 9 tu kwa jumla, na hiyo ndiyo nafasi iliyopangwa kati ya stesheni moja na nyingine ya mawimbi ya kati, yaani mkanda wa kawaida wa AM, barani Afrika, Ulaya na Asia, kwa mujibu wa mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 1975. Kwa FM hesabu ni tofauti. Kanuni inayotumika kukadiria upana wake huchukua kiasi ambacho wimbi husogea, ikajumlisha na masafa ya juu kabisa ya sauti, kisha ikazidisha kwa mbili: kilohezi 75 na kilohezi 15 ni 90, mara mbili ni 180. Stesheni moja ya FM inakula nafasi ya stesheni 20 za AM.

Mkanda wote wa mawimbi ya kati, kuanzia kilohezi 531 hadi 1602, una nafasi 120 za AM. Ukiamua kuweka FM ya kawaida humo, zitaenea stesheni sita, na baada ya hapo mkanda umejaa. Kwa sababu hiyo FM haikuwa na budi kupelekwa juu, kwenye mkanda wa megahezi 87.5 hadi 108, ambako nafasi ni megahezi 20.5, karibu mara 20 ya mkanda wote wa mawimbi ya kati. Kuhamia huko kulileta faida na hasara ambazo msikilizaji huzihesabu kuwa ni za FM, wakati kwa kweli ni za anwani mpya.

Hasara kubwa ni umbali. Wimbi la kilohezi 999 lina urefu wa mita 300, na mawimbi ya urefu huo hushikamana na uso wa dunia, yakafuata mviringo wake na kupita juu ya vilima na majengo bila kusumbuka sana, hasa pale ardhi inapopitisha umeme vizuri. Juu ya maji ya chumvi huenda mbali kuliko juu ya ardhi kavu, jambo ambalo limewanufaisha wakazi wa pwani na visiwa. Usiku huongezeka njia ya pili. Mchana, sehemu ya chini ya ayonosfia (tabaka za juu za angahewa zinazochajiwa umeme na mionzi ya jua), iliyoko kati ya kilomita 60 na 90 hivi juu yetu, hulinyonya wimbi la namna hii kabla halijafika kwenye tabaka za juu. Jua likizama, sehemu hiyo hufifia kwa sababu mionzi iliyokuwa ikiitengeneza haipo tena, na wimbi hupata nafasi ya kupanda hadi kwenye tabaka zilizo juu zaidi, likarudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka lilipotoka, hata zaidi ya 1,000. Wanaokumbuka kusikiliza stesheni za nchi jirani baada ya saa mbili usiku walikuwa wakisikiliza matokeo ya machweo.

Mawimbi mafupi, yaliyo kati ya megahezi 3 na 30, hutegemea ayonosfia hata mchana, na ndiyo yaliyobeba kwa miongo mingi idhaa za Kiswahili za mashirika ya nje. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957 na Deutsche Welle mwaka 1963, na kituo cha Deutsche Welle kilichokuwa Kigali kilirusha mawimbi mafupi kuanzia mwaka 1965 hadi kilipofungwa mwaka 2015. Kwa upande wetu, mtambo wa Dole, Unguja, umejulikana kwa wasikilizaji wa mbali kwa masafa yake ya kilohezi 11735. Zote hizo zilitumia AM, na hapo ndipo wazo kwamba AM huenda mbali lilipopata nguvu.

Wimbi la megahezi 100, lenye urefu wa mita tatu, halina uwezo huo. Kwa kawaida ayonosfia haiwezi kulirudisha, nalo hupenya na kutokomea angani. Ardhini husafiri karibu moja kwa moja na kuishia pale upeo wa macho unapokatika, au mbele yake kidogo. Wahandisi hukadiria mwisho huo kwa kuchukua kipeuo cha pili cha kimo cha mnara kwa mita na kukizidisha kwa 4.12, wakapata kilomita. Mnara ulio mita 500 juu ya eneo linalouzunguka hufikia kilomita 92 hivi, na redio yenye antena juu ya paa, mita nne kutoka ardhini, huongeza kilomita nane nyingine. Jumla ni kilomita 100, na hiyo ni pale ambapo hakuna mlima mwingine katikati. Ndiyo sababu mitambo ya FM huwekwa vilimani, na ndiyo sababu mtangazaji wa redio ya kitaifa husoma orodha ndefu ya namba, Arusha hii, Mwanza ile, Mbeya nyingine: kila mji una mtambo wake, na mitambo ya maeneo yanayopakana haiwezi kutumia masafa yaleyale bila kugongana. Tanzania ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 947,000, na duara lenye nusu kipenyo cha kilomita 100 lina kilomita za mraba 31,400. Hata kama kila mnara ungekalia mlima na maduara yangepangika bila kupishana, jambo lisilowezekana, ingehitajika mitambo 30.

Uthibitisho kwamba umbali ni wa mkanda na si wa modulesheni unapatikana kila siku kwenye mlango wa bahari kati ya Dar es Salaam na Zanzibar. Ndege inayovuka hapo huzungumza na waongozaji wake kwa AM, kwa kuwa mawasiliano ya sauti ya ndege za kiraia duniani kote hutumia AM katika mkanda wa megahezi 118 hadi 137. Boti ya abiria iliyo chini yake huzungumza na bandari kwa FM, kwa kuwa redio za VHF za majini hutumia FM kuanzia megahezi 156, na chaneli ya 16 inayotumika kuita na kuomba msaada ipo kwenye megahezi 156.8. Masafa yao yanakaribiana, na modulesheni zao ni tofauti kabisa. Kama AM kwa asili yake ingekuwa inaenda mbali, rubani aliye chini uwanjani angesikika nchi jirani, lakini hasikiki zaidi ya makumi machache ya kilomita, sawa na boti. Akipanda hadi mita 10,000 ile hesabu ya kipeuo inampa kilomita 412. Kinachomwongezea umbali ni kimo chake angani.

Mfano huu wa ndege una jambo jingine la kuchunguza, kwa sababu swali linalofuata ni la haki: kama FM ni safi zaidi, kwa nini usalama wa anga umeachiwa AM? Sehemu ya jibu ni historia, maana redio za ndege zilienea zikitumia AM na si rahisi kubadilisha vifaa vya dunia nzima kwa siku moja. Sehemu nyingine inatokana na tabia za modulesheni zenyewe. Kipokezi cha FM kikipokea stesheni mbili zilizo kwenye masafa yaleyale, hakizichanganyi. Hukamata ile yenye nguvu zaidi na kuizima nyingine karibu kabisa, hata tofauti ya nguvu ikiwa si kubwa sana. Kwa msikilizaji wa muziki hiyo ni neema. Kwa mwongozaji wa ndege ni hatari, kwa kuwa rubani mwenye dharura aliye mbali anaweza kufutwa na rubani wa karibu anayeuliza jambo dogo, na hakuna atakayejua kwamba mtu wa pili alizungumza. Kwenye AM mawimbi mawili hujumlishana, na tofauti ndogo ya masafa kati ya mabebaji mawili husikika kama mluzi mkali. Maneno yanaharibika, ila kila mtu anajua kwamba kuna mgongano na anaweza kuomba marudio.

Mluzi huo hautoshi peke yake, na anayetaka kuusifia aukumbuke uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, Uhispania, tarehe 27 Machi 1977. Ndege ya KLM ilikuwa imeanza kukimbia kuelekea kuruka ndani ya ukungu, wakati ile ya Pan Am ilikuwa bado kwenye barabara hiyohiyo ya kurukia. Mwongozaji aliiambia KLM isubiri, na kwa sekunde zilezile marubani wa Pan Am walisema kwamba bado wako barabarani. Sauti mbili zilipandana, na katika chumba cha marubani wa KLM ukasikika mluzi wa sekunde tatu na kitu, uliofunika ujumbe wote muhimu. Walikufa watu 583. Mluzi ulifanya kile unachoweza kufanya, yaani kutangaza kwamba kuna mtu mwingine hewani, lakini hakuna aliyeufuatilia. Hata hivyo naona hoja ya wanaoitetea AM bado ina uzito: alama ya mgongano inayopuuzwa ni bora kuliko mgongano usioacha alama yoyote.

Tukirudi kwenye makelele ndipo tunapokuta faida halisi ya FM, ingawa hapa pia mkanda una mkono wake. Radi, cheche za injini ya bodaboda, mota ya mashine ya kusaga na chaja ya bei poa hutoa mawimbi ya redio ya ovyo, na mengi ya hayo yana nguvu zaidi katika masafa ya chini. Stesheni ya kilohezi 999 imejenga nyumba karibu na kelele; ya megahezi 100 imejenga mbali nayo. Hivyo hata AM ikihamishiwa juu, kama ilivyo kwa ndege, mkwaruzo wa radi hupungua sana. Kinachobaki ni cha modulesheni. Kelele inapokutana na wimbi njiani huongeza au kupunguza kimo chake, na kwa kuwa kipokezi cha AM kinasoma kimo, hakina njia ya kujua ni kiasi gani cha kimo hicho kimetoka studioni na ni kiasi gani kimetoka kwenye wingu. Kipokezi cha FM hakijali kimo. Ndani yake kuna sehemu inayokata vilele vyote vya wimbi viwe usawa mmoja, kama kinyozi anayenyoa kwa mashine ya namba moja, kwa kuwa habari haiko huko. Iko kwenye mwendo wa masafa, ambao haupotei kwa kunyolewa.

Maelezo mengi huishia hapo, na ni nusu tu ya ukweli. Kelele haibadilishi kimo peke yake. Pia hulisukuma wimbi kidogo mbele au nyuma, na msukumo huo unafanana na mabadiliko ya masafa, kwa hiyo mashine ya kinyozi haiuondoi. Siri ya FM ni kwamba wimbi linasogezwa kwa makusudi kwa kiasi kikubwa sana, kilohezi 75 kila upande, hata mtetemo mdogo unaoletwa na kelele unakuwa si kitu ukilinganishwa nao. Usafi wa FM hununuliwa kwa upana. Wimbi likisogezwa kidogo tu, kama redio za majini zinavyofanya kwa kilohezi tano, sehemu kubwa ya faida hiyo hutoweka.

Wazo hilo lilikuwa gumu kukubalika, na aliyelithibitisha alilipia gharama. Mwaka 1922 John Carson, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya AT&T, alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba FM haiwezi kupunguza upana ambao stesheni inahitaji. Hesabu zake zilikuwa sahihi, na ile kanuni ya kukadiria upana niliyoitaja hapo juu ina jina lake hadi leo. Wakati huo wengi waliitafuta FM kwa matumaini ya kubana stesheni nyingi mahali padogo, na hesabu hizo zilipoonyesha kuwa haiwezekani, wengi waliiacha. Edwin Howard Armstrong wa New York, ambaye tayari alikuwa amebuni mpangilio wa ndani wa vipokezi ambao redio nyingi ziliendelea kuutumia, aligeuza swali: badala ya kulibana wimbi alilitanua kupita ilivyodhaniwa kuwa na maana, akapata hati miliki mwishoni mwa Desemba 1933 na kulionyesha jambo hilo mbele ya wahandisi wenzake Novemba 1935. Mwaka 1945 serikali ya Marekani iliuhamisha mkanda wa FM kutoka megahezi 42 hadi 50 kwenda 88 hadi 108, na redio zilizokwisha kuuzwa zikawa mapambo. Armstrong alitumia miaka yake ya mwisho mahakamani akipigania hati zake dhidi ya kampuni ya redio ya RCA, akajiua Januari 1954. Mjane wake, Marion, aliendelea na kesi dhidi ya kampuni nyingine na kuimaliza ya mwisho kwa ushindi mwaka 1967.

FM nayo ina kasoro yake ya asili. Mawimbi yakidhoofika hadi yakaribie nguvu ya kelele, faida yote huporomoka kwa ghafla: sauti iliyokuwa safi dakika moja iliyopita inageuka mvumo mtupu. AM hufa polepole, ikififia huku maneno yakiendelea kueleweka kwa msikilizaji mwenye subira. Kwa ajili hiyo, pale ambapo kinachotakiwa ni kueleweka na si uzuri wa sauti, simu za upepo za umbali mrefu zilizotumika na meli, majeshi, hospitali za vijijini na askari wa hifadhi zilibaki kwenye ukoo wa AM, ila AM iliyopunguzwa. Katika AM kamili, mtambo wenye bebaji la kilowati 50 ukipandishiwa sauti kamili hutoa kilowati 75, na 50 kati ya hizo ziko kwenye bebaji lisilo na neno hata moja. Zilizobaki 25 zimegawanywa kwenye mikanda miwili ya pembeni inayobeba habari ileile mara mbili. Simu za upepo hulifuta bebaji na mkanda mmoja, zikatumia umeme wote kwenye mkanda uliobaki. Utangazaji wa umma haukuweza kufanya hivyo, kwa sababu lile bebaji la gharama ndilo linaloruhusu redio ya msikilizaji kuwa rahisi: dayodi moja na kapasita moja vinatosha kuitoa sauti, na zamani palikuwa na redio zilizofanya kazi karibu na mtambo bila betri yoyote.

Bili ya umeme ya mitambo hiyo, nadhani, imechangia kuiondoa AM katika maisha yetu kama ulivyochangia ubora wa sauti wa FM. Stesheni binafsi zilipoanza kuruhusiwa Uganda, Tanzania na Kenya katika miaka ya 1990, mwekezaji aliyelenga wakazi wa jiji moja hakuwa na sababu ya kujenga mnara wa makumi ya mita wa mawimbi ya kati wakati mtambo mdogo wa FM ungewafikia wote. Simu za mkononi zikamalizia kazi. Robo ya wimbi la FM ni sentimita 75, urefu usio mbali na waya wa vipokea sauti vya masikioni, na ndiyo maana simu nyingi hudai uchomeke waya huo kabla redio haijafunguka. Robo ya wimbi la kati ni mita 75. Redio ndogo hukwepa tatizo hilo kwa kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ambacho unaweza kukijua bila kuifungua redio: tafuta stesheni ya AM, kisha igeuze redio polepole mezani, na utafika pembe ambayo sauti inakaribia kupotea kwa sababu ncha ya kijiti imeelekea kwenye mtambo. Ndani ya simu hakuna nafasi ya kijiti cha maana, na saketi zake zenyewe hutoa kelele katika masafa yaleyale.

Mipaka kati ya AM na FM haijawahi kuwa mikali kama vitufe vya redio vinavyoonyesha. Televisheni ya analojia, kabla ya kuzimwa kwake kulikoanzia Dar es Salaam mwishoni mwa 2012, ilirusha picha kwa AM na sauti kwa FM. Pikipiki ikipita nje, vidoti vilimwagika kwenye kioo huku sauti ya mtangazaji ikiendelea bila doa. Hata stesheni ya FM ya stereo imebeba AM tumboni mwake. Jumla ya spika ya kushoto na ya kulia hutumwa kama kawaida, hadi kilohezi 15, ili redio zenye spika moja zisikose kitu. Tofauti kati ya kushoto na kulia hupandishwa kwa modulesheni ya kimo juu ya wimbi dogo la kilohezi 38, ambalo bebaji lake limefutwa, na mluzi mdogo wa kilohezi 19 hutumwa pamoja ili kipokezi kiweze kulijenga upya bebaji hilo. Kisha mchanganyiko wote ndio unaosogeza masafa ya wimbi kuu. Katika FM, kelele inayobaki baada ya kunyolewa huongezeka kadiri unavyopanda kutoka chini, na ile tofauti ya kushoto na kulia imekaa juu, kati ya kilohezi 23 na 53, mahali ambapo kelele ni kubwa zaidi. Ndiyo sababu stesheni dhaifu huvuma kama mvua ikiwa kwenye stereo, kwa zaidi ya desibeli 20 kuliko ikiwa mono, na ukibonyeza kitufe cha mono mvumo unakatika mara moja ingawa antena haijaguswa.